Kuku na bustani ya mboga: waachiwe, wafungiwe, au wahamishwe kila siku?

Kuku na mchicha wakiwa kiwanja kimoja, mmoja lazima azungushiwe uzio. Kwa hilo sisi wenye bustani huku pembezoni mwa Dar es Salaam hatubishani. Tunabishana azungushiwe nani. Wapo wanaosema kuku ni wa kutembea, basi zungushia mboga. Wapo wanaosema mboga haijamfuata mtu, afungiwe aliyeifuata. Na siku hizi wameongezeka wa tatu, wenye banda dogo lisilo na sakafu, linalohama kutoka tuta hadi tuta. Kila kundi lina mikasa yake, nayo husimuliwa jioni watu wakimwagilia, mmoja upande huu wa uzio na mwenzake upande wa pili.

Ukiisikiliza mikasa hiyo utaona kwamba wengi huchagua kwa kuangalia pesa ya kuanzia tu. Kinachokuja kuwaumbua ni kingine kabisa: nani anashinda nyumbani mchana, na jirani anaanika nini uani kwake.

Ninayemwandikia hapa ni mwenye kuku 5 hadi 20, wa mayai na kitoweo cha nyumbani, na matuta machache ya mboga. Mwenye kuku 300 wa biashara ana hesabu nyingine.

Vigezo vya kupimia

Nitapima kila njia kwa mambo matano. La kwanza ni bustani: mboga zinapona kiasi gani, na mbolea inafikaje kwenye udongo. La pili ni matumizi, yaani vifaa vya kuanzia na chakula cha kila mwezi. La tatu ni maradhi na maadui. La nne ni majirani, na nitalikalia kitako kidogo kwa sababu ndilo linalowafikisha watu kwa mwenyekiti wa mtaa. La tano ni kazi ya kila siku.

Kabla ya kupima, mwangalie kuku mmoja akiingia kwenye tuta lililosiwa mbegu jana. Haanzi kula. Anasimama, anachakura kwa mguu wa kulia, anachakura kwa wa kushoto, anarudi nyuma hatua moja, anainamisha kichwa na kuangalia kwa jicho moja kilichofukuka. Akiona kitu anadonoa, asipoona anarudia. Haupiti muda tuta limekuwa shimo, na akiupenda udongo ulivyo laini na mkavu analala ubavu na kuoga vumbi humohumo. Hana ubaya wowote. Asili yake ni kuku mwitu wa misitu ya kusini mashariki mwa Asia, wanaoishi kwa kufukua majani yaliyooza, na wewe umeweka mboji na matandazo, yaani umemletea msitu huo mlangoni. Wahenga walishasema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Basi lile wazo la kumfundisha asiingie bustanini liweke kando mapema.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Kideri, au mdondo kama wengi tunavyouita, hakina dawa. Kina chanjo. Ile ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani, hudondoshwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Wanachanjwa walio wazima. Aliyekwisha kuzubaa na kujikunyata hafaidiki nayo. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo mtaa ukikubaliana siku moja, gharama ya kila mmoja inakuwa ndogo na hakuna ua linalobaki kuwa chanzo cha ugonjwa kwa wengine. Ukitaka kujua kama majirani zako wanasikilizana, jaribu kupanga siku ya chanjo.

Pili, sumu za jikoni. Majani, maganda na kokwa la parachichi, viazi mviringo vilivyogeuka kijani, maharage ambayo hayajapikwa, na pumba zilizoshika ukungu, vyote visifike kwa kuku. Ukungu wa pumba ndio wenye sumukuvu, na mtu anayesema "si wa kula mimi, ni wa kuku" anasahau kwamba yai atalila yeye. Bustani iliyopulizwa dawa ya wadudu nayo isiingie kuku mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa zipite.

Tatu, mbolea ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Iozeshwe pamoja na majani makavu, na kwa mboga za kuliwa bila kupikwa, kama nyanya na vitunguu vya kachumbari, ipewe miezi mitatu au minne kabla ya kuvuna. Haraka ya mwenye bustani haibadilishi hilo.

Njia ya kwanza: kuku huria, mboga ndani ya uzio

Asubuhi wanafunguliwa, wanajitafutia, magharibi wanarudi wenyewe kulala bandani. Hivi ndivyo walivyofuga wazee wetu, tofauti ni kwamba wao hawakuwa na ukuta wa jirani hatua tano kutoka dirishani.

Bustani. Yote inategemea uzio. Kuku wa kienyeji mwepesi anavuka mita moja na nusu bila jasho, ila angalia anavyovuka: haupiti uzio kwa mkupuo mmoja. Anarukia juu, anatua kwenye mti uliolazwa kileleni, anatazama huku na huku, ndipo anashuka ndani. Ukiondoa ule mti wa juu, wavu ukaachwa unalegea pale kileleni, kuku wengi watakosa pa kutua na kuacha. Mkaidi anapunguzwa bawa moja, si yote mawili, yale manyoya marefu 10 ya mwisho, ili akiruka apinde upande mmoja. Hayana maumivu, ni kama kukata kucha, lakini usikate yanayochipua na bado yana damu, na ujue yataota tena akinyonyoka. Chini nako kuzibwe, maana kuku hupenda kupenya kuliko kuruka.

Si kila mmea unahitaji kufungwa. Migomba, mipapai, mihogo iliyokwisha kupanda juu, mchaichai, hivyo viache nje na kuku watachakura chini yake kwa faida yako, wakila panzi na mchwa. Vya kufungia ni mchicha, sukuma wiki, matembele machanga, chainizi, na miche ya aina yoyote. Nyanya hawana habari na majani yake sana, ila ikiiva watakuonyesha walikuwa wanaisubiri. Mbolea kwa njia hii hupotea: nyingi huangukia kibarazani, na unayopata kwa hakika ni ile ya usiku, chini ya vichanja vya kulalia.

Matumizi. Ndiyo njia nafuu kuliko zote kwa chakula. Wadudu, magugu na mabaki ya jikoni huchukua sehemu kubwa ya mzigo, hasa wakati wa mvua. Kiangazi hali hubadilika, na konzi ya mahindi au pumba jioni inabaki ya lazima, kwanza kwa kushibisha, pili kwa kuwazoesha kurudi. Hasara iko kwenye mayai. Mtetea anayetaga kwenye kichaka cha mchaichai hakuambii. Utasema ameliwa, umekwisha kumsahau, halafu baada ya siku 21 za kuatamia anatokea na vifaranga nyuma yake kama aliyetoka kujifungulia kwao.

Maradhi na maadui. Hapa ndipo mizania inapoelemea. Kuku huria hukutana na kuku wa mtaa mzima, kwa hiyo kideri kikiingia kwa mmoja kimeingia kwa wote. Juu kuna mwewe, chini kuna nguchiro na paka, na sisi wa pwani tuna kunguru mweusi wa kutoka India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na tangu hapo hajaondoka. Kunguru haogopi mtu. Anakaa juu ya bati anahesabu vifaranga. Wengine huwapaka vifaranga rangi ya waridi au zambarau ili kuwachanganya mwewe, na barabarani utawakuta wamepakwa hivyo. Mimi naamini zaidi tenga: mama na wanawe wakae chini ya tenga au wavu kwa wiki nne au tano za mwanzo, mpaka vifaranga waote manyoya ya kutosha kukimbia.

Majirani. Kuku huria hana ramani ya kiwanja. Anaingia panapoanikwa mpunga, mihogo, dagaa. Mazungumzo yake mtaani kwetu huenda hivi:

"Hodi hapa."

"Karibu bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuletea kuku wako."

"Kafanya nini tena, bibi?"

"Muulize mwenyewe. Mpunga wangu uko kwenye firigisi."

Ikiwa bibi bado anakuja na kuku mkononi na mzaha mdomoni, mambo ni mazuri. Peleka mayai matano na samahani siku hiyohiyo. Akinyamaza ndiyo uogope, kwa sababu baada ya ukimya huja jiwe, na baada ya jiwe huja mjumbe. Upo pia ule ugomvi wa kimyakimya wa mayai: kuku wako anataga kichakani kwake, je, yai ni la mwenye kuku au la mwenye kichaka? Sijawahi kuona mtaa uliolimaliza swali hili. Nimeona tu watu waliokubaliana kugawana, wakaishi vizuri.

Kazi. Chache kwa mikono, nyingi kwa macho. Lazima mchana kuwe na mtu. Na wageni wasiachiwe siku ya kwanza: kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nayo ni kanuni ya ufugaji kabla ya kuwa methali. Mfungie bandani wiki nzima, au umfunge kamba laini karibu na mlango wa banda, mpaka ajue anakolala.

Inamfaa mwenye eneo la nusu ekari na zaidi, majirani walio mbali au nao wana kuku huria, na mtu mzima anayeshinda nyumbani.

Njia ya pili: banda la kudumu lenye uwanja

Kuku wana banda la kulala na kutagia, na mbele yake uwanja uliozungushiwa wavu. Hawatoki. Mboga ziko huru.

Bustani. Unapanda unavyotaka, unasia bila kuvizia. Faida kubwa zaidi ni mbolea, kwa sababu yote inabaki mahali pamoja. Ndani tandaza maranda au pumba za mpunga kimo cha sentimita 10 au zaidi, ugeuze kila wiki. Uwanjani tupa magugu, majani ya migomba yaliyokatwakatwa na mabaki ya mboga. Kule kuchakura kulikokuwa balaa kwenye tuta hapa kunakuwa kazi ya kugeuza mboji bila mshahara. Kila baada ya miezi michache unakokota toroli kadhaa za kitu cheusi kinachonukia udongo, unakirundika kikae kimalizie kuoza, kisha unapeleka shambani. Bustani yenye mchanga kama za huku kwetu hulijua hilo haraka.

Matumizi. Banda lina gharama: mirunda, mabanzi, bati, wavu, misumari. Na chakula chote kinatoka mfukoni kwako. Kuku mzima wa mayai anakula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku 10 ni kilo 1.2, kwa hiyo gunia la kilo 50 linaisha kwa siku 40 hivi. Ongeza maji, lita mbili na nusu hadi tatu kwa kuku hao 10, zaidi jua likiwa kali. Mabaki ya bustani yanapunguza gharama, lakini kuku wa mayai akilishwa pumba tupu hupunguza kutaga, na ganda la yai huwa jepesi. Chokaa ya mifugo au maganda ya konokono wa baharini yaliyopondwa yasikosekane. Ukimpa maganda ya mayai, yakaushe na kuyaponda yasifanane na yai, usije ukamfundisha kula mayai yake.

Maradhi na maadui. Mchana wanalindwa vizuri kuliko njia zote, na huwaoni wakichanganyika na wa jirani. Ila banda lina maradhi yake. Matandiko yakilowa, hasa pale penye chombo cha maji, hewa inakuwa kali, na kuhara damu huanza kwa vifaranga. Kipimo ni rahisi: chuchumaa ndani ya banda, kimo cha kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, wao wameshaumia. Utitiri na viroboto hujificha kwenye nyufa za vichanja. Weka beseni pana la mchanga mkavu na majivu waogee, na nyasi za viota zibadilishwe.

Usiku ni habari nyingine. Wavu mwepesi wa kuku unamzuia kuku kutoka, haumzuii kicheche wala mbwa kuingia. Sehemu ya kulala itumie wavu mzito wenye matundu madogo, na chini uufukie sentimita 30 au uukunje kwenda nje. Halafu kuna siafu. Kuku huria akivamiwa na siafu anaondoka. Aliyefungiwa hana pa kwenda, na anayeatamia hatoki kabisa. Ukisikia kelele usiku wa masika, shika tochi, angalia chini kwanza, na fungua mlango kabla ya kutafuta majivu.

Majirani. Mpunga wa bibi umepona. Malalamiko yanahamia kwenye harufu, nzi na jogoo. Mawili ya kwanza ni uvivu wa matandiko, hayana utetezi. La tatu lina jibu rahisi ambalo watu hulisahau: kuku anataga bila jogoo. Jogoo ni wa kutotolesha, na kama hutotoleshi, mpike. Banda lisiegemee ukuta wa chumba cha jirani, na ni adabu kumwambia kabla ya kuchimba nguzo ya kwanza. Halmashauri nyingi za miji zina sheria ndogo kuhusu mifugo ya nyumbani, kwa hiyo pitia ofisi ya mtaa au kwa afisa mifugo wa kata uulize yanayohusu eneo lako.

Kazi. Asubuhi na jioni, kila siku. Safari ya siku mbili inahitaji mtu wa kuwaangalia, kwa sababu kuku aliyefungiwa hawezi kujitafutia hata maji. Mkiwa wengi mnaofuga hivi mtaani, kuachiana funguo si tatizo. Anayelisha anachukua mayai ya siku hizo na hakuna deni.

Wafungwa huchoka pia. Kuku waliobanana, zaidi ya wanne au watano kwa mita moja ya mraba ndani ya banda, wanaanza kudonoana manyoya. Uwape uwanja mkubwa kadiri uwezavyo, na uning'inize fungu la magugu au mchicha uliokomaa kimo cha kurukia, wapate shughuli.

Kuna wanaofungia mchana na kufungua saa moja kabla ya giza. Hali hii ya kati naona haipewi heshima inayostahili. Muda ni mfupi, jua linawarudisha lenyewe, na wakati huo wewe mwenyewe uko uani unamwagilia. Wanapata wadudu na majani bila kufika kwa bibi. Sharti lake ni moja: tuta lililosiwa lifunikwe wavu au miiba, kwa sababu saa moja inatosha kabisa.

Inamfaa mwenye kiwanja cha kawaida cha mjini, anayetoka kazini jioni, na anayetaka mboji kama anavyotaka mayai.

Njia ya tatu: banda la kuhama

Ni sanduku refu la mirunda myepesi na wavu, halina sakafu, nusu yake imeezekwa. Upana wake uwe sawa na upana wa matuta yako. La mita 2.4 kwa 1.2 linatosha kuku wanne au watano. Kila siku linasogezwa.

Bustani. Hakuna njia inayoandaa tuta kama hii. Mboga zikishavunwa, unaweka banda juu ya tuta siku chache. Kuku wanakula mabaki, magugu, panzi, na wale sota wanaokata miche usiku shinani. Wanaacha mbolea palepale. Lakini mbolea hiyo ni mbichi, kwa hiyo tuta likipumzika kidogo lipandwe vya kupikwa, kama mahindi ya kuchoma au kunde, na vya kachumbari visubiri. Njia hii inadai matuta yaliyo wazi. Mwenye matuta manne yaliyojaa mwaka mzima atabaki na banda lisilo na pa kukaa.

Matumizi. Katikati. Mbao ni chache kuliko za banda kubwa, na gurudumu la toroli bovu au baiskeli kuukuu linarahisisha kusukuma. Chakula kinapungua kidogo tu, usitegemee miujiza kutoka kwenye tuta moja.

Maradhi na maadui. Kuhama kila siku kunawaondoa kwenye kinyesi chao, na minyoo hupungua. Mwewe na kunguru wanabaki kuangalia. Tatizo ni usiku. Mnyama anachimba chini kwa dakika chache, na ardhi isiyo sawa huacha mwanya hata bila kuchimba. Mwizi naye hana haja ya kufungua mlango: anabeba banda na vilivyomo. Kwa hiyo huku mijini banda la kuhama ni la mchana, jioni kuku wanabebwa kulala kwenye banda imara. Jua la saa saba nalo liangaliwe. Nusu iliyoezekwa haitoshi mwezi wa pili, lisogeze chini ya mwembe.

Majirani. Hakuna njia yenye ugomvi mdogo kama hii. Hawatoki, hawanuki, na wakiwa wanne bila jogoo jirani anaweza kumaliza mwezi hajui kama wapo.

Kazi. Kila siku, bila kukosa, na polepole. Ajali ya kawaida ni mguu wa kuku kubanwa chini ya mti wa nyuma, kwa sababu anayesukuma anaona mbele tu. Mmoja asukume, mtoto atembee nyuma akiwaharakisha. Masika, tope likifika kwenye kifundo cha mguu, watu wengi huliegesha banda mahali pamoja mpaka mvua ziishe, na wakati huo linakuwa banda la kudumu lililo baya.

Inamfaa mwenye matuta yaliyopangwa kwa mistari, ardhi tambarare, kuku wachache, na mtu mwenye nguvu nyumbani kila asubuhi.

Aina ya kuku nayo husogeza jibu

Kuku wa kienyeji ni mwepesi, mjanja, anaatamia na kulea mwenyewe, na uzio kwake ni pendekezo tu. Anafaa njia ya kwanza, ila mayai yake kwa mwaka ni machache, kwa sababu kila baada ya kutaga fungu moja huacha na kuatamia. Chotara kama Sasso na Kuroiler ni wazito. Uzio mfupi unawatosha, wanakula sana, na mara chache huatamia, kwa hiyo vifaranga utanunua. Wanakaa vizuri njia ya pili. Wasomaji wa Kenya watawaweka hapo pia kuku wa kienyeji walioboreshwa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la nchi hiyo. Kuku wa mayai wa kisasa, yule mwekundu mdogo anayetaga karibu kila siku, ni mpole na ndiye anayevumilia banda la kuhama kuliko wote, ilimradi chakula chake cha kutagia kisikatike.

Ukiwa katika hali hii

Mchana hakuna mtu nyumbani, nyote mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi: njia ya pili, na uwafungulie jioni ukirudi. Kuku huria kwa nyumba isiyo na mtu ni kuwalishia majirani na mwewe.

Jirani anaanika nafaka, au mmewahi kugombana kwa jambo lolote: usianze na kuku huria hata kama una eneo. Ya pili au ya tatu.

Una eneo pana, nje kidogo ya mji, na migomba au miembe mingi kuliko mboga: ya kwanza, na pesa yote iweke kwenye uzio wa bustani ndogo pamoja na banda imara la kulala.

Pesa ya chakula ni ya kuungaunga: ya kwanza kama mazingira yanaruhusu. Kama hayaruhusu, punguza idadi. Kuku wanne wanaoshiba katika banda wanakupa mayai kuliko 12 wenye njaa.

Udongo wako ni mchanga mtupu na kila masika mbolea inakwenda na maji: ya pili, kwa ajili ya mboji. Kama una matuta ya kupumzisha, ya tatu itakusaidia tuta kwa tuta.

Una vifaranga wadogo: zote tatu zisubiri. Joto, ukavu na tenga kwanza.

Mzee anayeishi peke yake, mgongo unauma: ya pili, mlango wa kusimama wima, na viota vinavyofunguliwa kwa nje ili asiiname kuokota mayai. Banda la kuhama asishauriwe.

Umepanga nyumba: muulize mwenye nyumba kabla ya kununua wavu. Akikubali, ya tatu, au ya pili yenye banda la kufunga kwa bolti badala ya misumari, lifunguke vipande vipande na kuingia kwenye Kirikuu pamoja na godoro siku mkataba ukiisha.